Undugu wa kijiji una daftari

Wanaosifia maisha ya kijijini husema watu wa huko wanapendana. Waliokimbilia mjini husema kijijini hakuna kitu ila majungu na kuogopana. Kauli zote mbili zinashindwa kujibu swali dogo tu: kwa nini vijiji viwili vilivyotenganishwa na korongo moja, vyenye koo zilezile na ibada zilezile, kimoja kiwe na mfereji unaosafishwa kila mwaka na kingine mfereji wake uote magugu? Upendo haukatiki ghafla kwa sababu mtu amevuka korongo.

Kwa maoni yangu, kijiji hushikana pale ambapo wajibu wa kila kaya unahesabika, hesabu yenyewe inaonekana na wote, na anayekwepa anajua mapema atakosa nini. Hayo mengine, pamoja na salamu ndefu na kupelekeana ndizi, huota juu ya msingi huo. Wako watakaosema huo ni mtazamo mkavu. Basi tuangalie mahali ambapo mambo haya yanaweza kupimwa kwa meta na lita: vijiji vya Upare, mkoani Kilimanjaro, na ndiva zao.

Ndiva ni bwawa dogo la kuhifadhia maji ya mfereji. Safu ya milima ya Upare inapita katika wilaya za Mwanga na Same, na upande wake wa magharibi uko kwenye kivuli cha mvua. Tambarare za Makanya hupata kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, nazo zimegawanyika kati ya vuli na masika. Kiasi hicho kingeotesha mahindi kama kingekuja kwa mpangilio. Lakini mvua hunyesha siku tatu, ikakatika wiki tatu, na mahindi yakikosa maji wakati yanatoa mbelewele hakuna mbolea itakayorudisha punje. Ndiva ipo kwa ajili ya kuziba pengo hilo. Haichukui nafasi ya mvua, na mtu anayelima kwa kuitegemea yenyewe tu atapata hasara.

Kwa nini bwawa, wakati mfereji tayari unatiririka? Kwa sababu mkondo mdogo ukipita kwenye mfereji wa udongo hunywewa na ardhi kabla ya kufika mwisho. Ukiuacha ujaze bwawa usiku kucha, kisha ukafungulia asubuhi, unapata mkondo mnene wa saa chache unaofika hadi shamba la mwisho. Tuchukue ndiva yenye urefu wa meta 30, upana wa meta 20 na kina cha meta moja na nusu. Inabeba meta za ujazo 900, yaani lita laki tisa. Mfereji unaoleta lita 20 kwa sekunde utakaribia kuijaza kwa saa 12. Ukiimwaga kwa saa sita unapata lita 40 na ushei kwa sekunde, mara mbili ya mkondo ulioingia.

Sasa tuigawe. Kumwagilia ekari moja kwa kina cha milimita 50 kunahitaji kama meta za ujazo 200 shambani. Mfereji wa udongo hupoteza kiasi kikubwa njiani. Tuseme nusu, basi ekari moja inataka 400 kutoka bwawani. Ndiva yetu inatosha ekari mbili na robo kwa siku. Kama wanachama ni kaya 60, kila moja ikiwa na nusu ekari, zamu itachukua takriban siku 13 kumfikia wa mwisho. Wiki mbili bila mvua mahindi yanaweza kuzivumilia kwa shida.

Halafu linaingia tope. Kila mafuriko yanashusha udongo kutoka mashamba ya mlimani na ndiva ndiyo mahali pa kwanza maji yanapotulia, hivyo udongo hutua humo. Tope la nusu meta kwenye ndiva yetu linakula meta za ujazo 300, theluthi nzima. Siku moja sasa inatosha ekari moja na nusu, na zamu inafika siku 20. Ukitaka kujua siasa za kijiji, jiulize ni nani anayeumia kwa siku hizo saba zilizoongezeka. Si kaya zote 60. Aliye wa tano kwenye orodha alikuwa anamaliza zamu yake siku ya pili, na sasa bado anaimaliza siku ya pili, hata hajui kama bwawa limejaa tope. Wa 55 mahindi yake yamekauka. Kwa hiyo mkutano wa kuzungumzia tope ukiitwa, wa mwanzo kwenye orodha watatoa udhuru na wa mwisho watapiga kelele, na mgeni akisikiliza atasema kijiji hiki hakina umoja. Umoja wanao. Wasichokuwa nacho ni hasara inayofanana.

Dawa yake ni ya zamani na haina gharama: anayeanza msimu huu awe wa mwisho msimu ujao. Kamati inayogoma kuzungusha orodha, mara nyingi kwa kisingizio cha desturi, inajenga tabaka la watu ambao ubovu wa bwawa hauwahusu. Wengi wa tabaka hilo hukaa karibu na bomba la kutokea, na ndio wenye sauti kwenye kamati.

Kazi ya kuondoa tope na kusafisha mfereji hufanywa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ambayo kila kaya hutoa mtu. Kwa kawaida huitishwa kabla ya vuli, ardhi ikiwa kavu na mashamba hayajawa na kazi nyingi. Watu huja na jembe, sururu, chepe na panga. Hapa pana jambo ambalo wanaoandika kuhusu “moyo wa kujitolea” huliruka: namna ya kuigawa kazi ndiyo inayoamua kama moyo utakuwepo mwakani.

Ukigawa kwa siku, kwamba kila kaya ilete mtu kuanzia saa moja hadi saa sita, utapata watu wanaofika saa tatu, wanaoegemea mpini, na wanaomtuma mtoto wa miaka kumi na mbili akahesabiwe kama mtu mzima. Ukigawa kwa hatua, hesabu hubadilika. Mfereji wa kilometa mbili kwa kaya 60 ni meta 33 kwa kila kaya. Kigingi hapa, kigingi pale, na kipande ni chako. Umalize alfajiri au jioni, uje peke yako au na shemeji zako watatu, hakuna anayekuuliza. Kipande ambacho hakijafanywa kinaonekana na kila apitaye, na kinajulikana ni cha nani. Hakuna haja ya msimamizi anayezunguka na daftari akitafuta walioegemea mpini.

Tope la bwawani haligawiki kwa urefu, linagawiwa kwa ujazo. Kina cha sentimeta 10 kwenye ndiva yetu ni meta za ujazo 60, moja kwa kila kaya. Toroli la lita 60 litakwenda safari 17. Ni asubuhi moja ya watu wawili. Lakini ukiacha hadi kifike nusu meta, kila kaya inadaiwa meta za ujazo tano, safari za toroli zaidi ya 80, na hakuna kijiji kitakachozipata bure wiki ya kuandaa mashamba. Ndipo linapokuja wazo la kumwandikia mfadhili barua aombwe katapila. Ndiva nyingi zilizokufa zilisafishwa kila mwaka vibaya kidogo kuliko mwaka uliotangulia, hadi deni likawa kubwa kuliko mikono iliyopo. Fimbo yenye alama, iliyosimikwa katikati ya bwawa na kusomwa hadharani kila mwisho wa masika, ingeokoa ndiva nyingi kuliko semina.

Makosa mengine ni ya kiufundi, na kila fundi wa mfereji anayajua. Tope likimwagwa upande wa juu wa ukuta, mvua ya kwanza inalirudisha. Limwagwe upande wa chini, linenepeshe ukuta. Miti isipandwe juu ya ukuta hata kama kivuli ni kizuri, kwani mizizi ikioza inaacha tundu ambalo maji hulipanua. Panya na kaa nao huchimba, na dalili ya kwanza ni unyevu upande wa nje wakati bwawa limejaa. Hapo usizibe kwa kusukumia majani. Subiri bwawa liishe, fukua hadi ulione tundu lote, kisha jaza udongo wa mfinyanzi wenye unyevu na ushindilie tabaka kwa tabaka. Anayeziba upande wa nje tu anaamsha shinikizo ndani ya ukuta, na usiku mmoja ukuta unakwenda na maji.

Turudi kwenye hesabu ya watu. Faini ya kukosa msaragambo ina uzito pale tu inapofungwa na kitu ambacho mkosaji anakihitaji, na kwenye ndiva kitu hicho kipo: zamu ya maji. Mwenye deni anarukwa. Hapelekwi polisi, hatukanwi, anarukwa tu, na aliye nyuma yake ana kila sababu ya kuhakikisha anarukwa kweli. Ndiyo maana kazi ya ndiva huwa hai katika vijiji ambavyo kazi ya kuchimba msingi wa zahanati imelala. Zahanati haina zamu ya kuzuia. Mgonjwa hawezi kufukuzwa mlangoni kwa sababu babu yake hakubeba mawe, na asifukuzwe.

Upare una kumbukumbu ya kisiasa inayohusu jambo hili moja kwa moja. Mwaka 1945 maelfu ya watu waliteremka hadi Same kupinga mbiru, kodi ambayo serikali ya kikoloni iliiongeza kwa kumkadiria kila mtu kulingana na mali yake. Mgogoro ulidumu, na mwishowe kodi hiyo iliondolewa. Ni haohao waliokuwa wakibeba mawe na kuchota tope bila mshahara. Mtu anaweza kudhani kuna kigeugeu hapo, lakini msaragambo ulikuwa na kipande kinachoonekana na faida inayofika shambani, ilhali ukadiriaji wa mbiru ulifanywa na watu ambao mkadiriwa hakuweza kuwahoji. Uzito wa mzigo ulikuwa jambo la pili.

Serikali huru nayo ilijenga kijiji chake juu ya hiki cha ndiva. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwakusanya watu katika vijiji vilivyoandikishwa. Milimani Upare, ambako watu walikuwa wamekaa karibukaribu tangu zamani, mara nyingi kilichobadilika zaidi ni mipaka na majina ya vyeo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inakipa kijiji mkutano mkuu wa wakazi wote waliofikisha miaka 18, na halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25, robo yao angalau wawe wanawake. Mkutano mkuu wa kawaida unatakiwa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Chini ya halmashauri kuna kamati tatu za kudumu: fedha na mipango, huduma za jamii na kujitegemea, ulinzi na usalama. Mtendaji wa kijiji ndiye katibu, naye ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya.

Kwenye karatasi ni demokrasia nzuri kuliko ya miji mingi. Shida ni kwamba mkutano mkuu haushiki zamu ya chochote. Asiyehudhuria hakosi kitu, kwa hiyo watu wanakuja wakisikia kuna ugawaji wa ardhi au mgeni kutoka wilayani, na mikutano ya mapato na matumizi inaahirishwa kwa kukosa watu. Mkutano usipokaa mara mbili, mwenyekiti anaanza kuamua na watu watano. Mara ya tatu, hata wakikaa, hakuna aliye na uhakika fedha za mwaka juzi ziliishia ukurasa gani. Uzembe huo una bei kubwa upande wa ardhi, maana kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 halmashauri ya kijiji haina mamlaka ya kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Muhtasari uliotiwa saini wa mkutano ambao haukukaa ndio chanzo cha kesi nyingi za mashamba.

Kuna mtego mwingine kwenye faini. Kamati ya ndiva inatoza kwa desturi. Kijiji kinatoza kwa sheria ndogo, ambayo inapendekezwa na halmashauri ya kijiji, inajadiliwa na mkutano mkuu, kisha inaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Vijiji vingi huishia hatua ya pili. Faini ikitozwa na mkaidi akaenda kulalamika, mtendaji anakuta hana karatasi ya wilaya mkononi, anarudisha pesa mbele za watu. Siku hiyo kijiji kimepoteza zaidi ya kiasi cha faini ile. Ni afadhali mtendaji asiguse kabisa faini za maji mpaka sheria ndogo iwe imeidhinishwa, aiachie kamati iendelee kuwaruka wadeni kwenye zamu.

Kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003, watu walishangilia na walikuwa na haki, kwa jinsi ilivyokusanywa kwa kuvizia watu njiani. Lakini kijiji kilibaki na vyanzo vidogo sana vya mapato, na tangu hapo karibu kila kitu kinaendeshwa kwa michango. Mwaka 2016 ulipoanza utekelezaji wa elimu bila ada hadi kidato cha nne, wazazi wengi walichukulia kwamba na jengo la darasa sasa ni la serikali peke yake. Huwezi kuwalaumu sana: walichoambiwa ni kwamba wasilipe, na hakuna aliyekaa nao kuonesha mstari kati ya ada iliyofutwa na kazi ya mikono iliyobaki.

Upare pia ni nchi ya watu waliohama. Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Moshi, watoto wa kijiji wako huko na wana kundi la WhatsApp ambalo lina nguvu kuliko halmashauri. Pesa inatumwa kwa simu, na mwenye shamba aliyeko Dar analipia msaragambo badala ya kubeba chepe. Kimahesabu hakuna tatizo, kwani pesa inamlipa kijana kufanya kipande chake. Tatizo ni bei. Kamati ikiweka malipo chini ya kibarua cha siku, kila mwenye uwezo atalipa, na pesa iliyokusanywa haitatosha kuajiri mikono iliyopotea. Malipo ya kukwepa yawe juu ya kibarua cha kawaida cha eneo lile, pengine mara moja na nusu, na yasiwe mfuko wa posho za vikao. Posho ikishaingia, kila kitu kinakuwa kikao.

Msibani daftari ni lilelile ingawa hakuna anayelitaja kwa jina hilo. Nani alileta kuni, nani alichimba kaburi, nani alituma rambirambi bila kufika: vyote vinakumbukwa miaka. Nisingependa mambo haya yaandikwe kwa ukali wa faini. Huko kumbukumbu za kina mama jikoni zinatosha, na ni sahihi kuliko za katibu.

Lakini kwenye maji, kumbukumbu haitoshi, na wanaoumizwa zaidi ni wanawake. Zamu huandikwa kwa jina la mume. Anayelima, na mara nyingi anayekwenda kufungulia maji saa kumi alfajiri, ni mke. Mume akifa au akihamia mjini, jina linabaki lake au linahamia kwa kaka yake, na mjane anaanza kuomba maji ambayo msaragambo wake aliufanya yeye mwenyewe miaka kumi. Marekebisho ni ya safu moja tu kwenye daftari: andika namba ya kipande cha shamba, jina la mmiliki na jina la anayemwagilia, na hudhurio la msaragambo lihesabiwe kwa huyo wa pili. Kamati zinazokataa safu hiyo hutoa sababu za mila. Sikiliza vizuri utakuta mara nyingi kuna shemeji anayelitaka shamba.

Mbali na kaya, kuna kijiji cha chini. Banio, yaani kizuizi cha mtoni kinachogeuzia maji kwenye mfereji, likiwa la kienyeji, la mawe, matawi na udongo, linavuja. Mafundi wa miradi waliokuja na saruji waliona uvujaji huo kama hasara, wakajenga banio imara lisilopitisha tone. Maji yaliyokuwa yakivuja yalikuwa fungu la wa chini. Hakuna aliyewahi kuliandika, kwa sababu halikuhitaji kuandikwa: kila mafuriko yalibomoa banio na kumpa jirani siku chache za mto mzima. Kwenye bonde la Makanya, vijiji kama Vudee, ulioko juu, na Bangalala, ulioko chini yake, vimelazimika kuwa na makubaliano ya zamu ya kutumia mto. Kijiji kinachotaka saruji kwenye banio kijadiliane na wa chini kwanza: ni saa ngapi za usiku mto utaachwa upite, nani wa kijiji cha chini atakuwa na ufunguo wa lango, na kiangazi kikali mgao upunguzwe kwa uwiano gani. Kibali cha maji cha ofisi ya Bonde la Pangani hakitajibu maswali hayo, kwa sababu kibali kinataja kiasi, na wanaogombana saa nane za usiku mtoni hawana kipimo mkononi. Wana saa tu, na lango ambalo ama limefunguliwa ama halijafunguliwa.